ATI PIKIPIKI YANGU ILIFIKA DARASA LA NGAPI???

Mnamjua. Simtaji. Yule wa Kirinyaga Road anayekalia kreti ya soda kama chifu, faneli shingoni utadhani daktari wa zamu.

Leo asubuhi nimeenda kununua oili ya nduthi. Lita moja tu! Nikamwambia kwa adabu zote: "Mzee, nataka 20W-50 ya pikipiki, iwe imeandikwa JASO MA ama MA2." Hiyo ni alama ya oili inayofaa klachi ya nduthi. Akanipa chupa ya gari. Nikaigeuza, nikasoma mbele, nyuma, mpaka chini ya kifuniko. JASO hakuna hata ya dawa. Nikamweleza kwamba klachi ya nduthi inaogelea kwenye oili ileile ya injini, na hizi za gari, nyingine zimetiwa dawa ya utelezi, klachi ikizinywa inakosa kushika.

Akanitazama. Akaitazama nduthi. Kisha kwa sauti ya mhubiri wa stendi:

"Kwani hii pikipiki yako ilifika darasa la ngapi?"

Jamani. Mtaa mzima ulicheka. Muuza mahindi alicheka hindi likaungua. Kuna mbwa pale, naapa alitabasamu.

Na nisiwafiche, nikainunua. Watu wote wale wananitazama, ningefanyaje? Saa sita niko Valley Road na abiria wa kilo tisini, injini inalia kama ng'ombe wa Idi, nduthi haisongi. Mama mwenye gunia la sukuma akatupita kwa miguu. Akatupungia mkono.

Darasa la ngapi! Chuma!

Mzee_wa_Sproketi: Swali hujajibu. Ilifika la ngapi?

KofiaNgumu: Ilifika la saba. Mtihani ndio imeanguka Valley Road 😂

Mama_Gia_Nne: Oili ya asubuhi imalize klachi kufikia saa sita? Hizo plate ziliisha kitambo. Ama umekaza waya wa klachi mpaka hauna nafasi. Ulegeze kidogo kwanza, halafu urudi kulia.

Mwenye uzi: Waya uko sawa! Sikuja hapa kuulizwa waya! Mtu mzima, na faneli shingoni, anauliza chuma darasa mbele ya watu!

Bila_Breki: Shukuru wewe ulipewa chupa iliyofungwa. Mimi nilipimiwa kwa jagi, nyeusi kama strungi. Kumuuliza fundi, akasema imeiva.

KofiaNgumu: Fundi gani, yule wa kufungua boliti tano akarudisha tatu?

Bila_Breki: Huyohuyo!! Ile ya kumwagia oili aliifunga na tepu ya plamba. Nilichora mstari wa oili kutoka Pangani mpaka nyumbani, hata mgeni angefika bila kuuliza njia.

Mama_Gia_Nne: Zile mbili zilizobaki huwa anauza. Nilizinunua.

Abiria_wa_Mvua: Lieni tu, watu wa boda. Jana mmoja wenu alinivisha koti la mvua linanuka soko zima la samaki Gikomba. Nilipoingia matatu nikaachiwa kiti cha watatu peke yangu.

Mzee_wa_Sproketi: Hiyo ni faida, lalamika pole pole.

KofiaNgumu: Ilikuwa harufu ya mbuta ama tilapia?

Mwenye uzi: Kwa hivyo klachi yangu hakuna wa kuisemea?

Abiria_wa_Mvua: Omena.