Tathmini ya katikati ya mradi wa mikoko: hekta 120 tuzihakiki vipi?

KijitoKirefu

Habari wadau. Mradi wetu wa mikoko uko pwani ya kusini ya Tanzania, vijiji 9, miaka 5, na sasa tunaingia mwezi wa 30. Ripoti zetu zina hekta 120 zilizopandwa kwa nafasi ya mita 1.5 kwa 1.5, karibu zote mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayosimama kama miguu. Kuna pia majiko banifu 600, mizinga 300 na kaya 1,240 kwenye orodha ya wanufaika. Mfadhili anataka tathmini ya katikati ikamilike ndani ya wiki 10, na mshauri wa nje. Mimi ndiye ninayeandika hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi atakayopewa mshauri.

Ninaomba msaada kwa mambo matatu. Hekta na miche zihakikiweje bila kuhesabu kila mche? Sampuli ya kaya iwe kubwa kiasi gani? Na takwimu za awali zilikusanywa mwaka mzima baada ya mradi kuanza. Je, bado zina maana?

Mlilana

Mkuu, kabla ya hadidu za rejea fungua jedwali la maji kujaa na kupwa, maana ndilo litakalopanga ratiba yako. Ploti, yaani vipande vidogo vya kupimia mikoko, hupimwa wakati wa bamvua, siku chache kuzunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa sana na tope kuonekana. Kila bamvua ina siku nne au tano za kufaa, na kila siku saa tatu au nne za kazi. Lakini siku hizo hizo akina mama wako pwani wakiokota chaza na kuwinda pweza. Ukiitisha mkutano wa kijiji siku ya bamvua utakuja kuzungumza na wazee na kamati tu, kisha ripoti iandike kwamba wanawake hawakujitokeza. Kwa hiyo bamvua ni ya ploti, maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, ni ya kaya na vikundi. Mshauri akileta ratiba isiyotaja maji, mrudishie.

Hesabu ya ploti: chukua asilimia 1 ya eneo. Hekta 120 zinakupa hekta 1.2, yaani ploti 120 za mita 10 kwa 10. Kwa nafasi yenu, kila ploti ilipaswa kuwa na miche 44 hivi. Timu mbili, kila moja ploti 8 kwa siku, ni siku 8: bamvua mbili. Wiki 10 zinatosha, ila bamvua ya kwanza ikikupita umepoteza nusu mwezi.

Ploti zipangwe kwa bahati nasibu kwenye ramani kabla timu haijafika, zikigawanywa kwa kijiji na kwa mwaka wa kupanda. Usimwachie mwenyekiti wa kikundi aonyeshe njia. Atakupeleka pale miche iliposimama vizuri, na hata si kwa hila, ndiyo anayojivunia.

Katika kila ploti andika namba tatu tofauti: miche hai iliyopandwa, iliyokufa au mapengo, na iliyojiotea yenyewe. Iliyojiotea haina safu. Ukiichanganya na iliyopandwa utapata ploti yenye uhai wa asilimia 110, na hapo kila mtu atacheka isipokuwa mfadhili. Kuna pia kuziba mapengo: mche uliopandwa tena mwezi wa 26 unaficha ule uliokufa mwezi wa 12. Vifundo vya shina vitakuambia, kwa kuwa mche wa mwaka wa pili unavyo vingi kuliko wa miezi minne. Linganisha na daftari la kitalu. Idadi iliyotoka kitaluni ukitoa idadi inayosimama topeni ndiyo habari yenyewe.

Sasa, hilo la "karibu zote mkoko" ndilo linalonitia wasiwasi. Upande wa bahari kuu ni mahali pa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Mkoko hukaa nyuma yake au kando ya vijito, na mchu, aina ya tatu, hustahimili chumvi ya upande wa bara. Miradi mingi hupanda mkoko kwenye tope tupu la mbele kwa sababu mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka. Pale maji hukaa muda mrefu mno, mawimbi hung'oa, mwani hujiviringisha kwenye miche, na viumbe vidogo vyenye gamba huganda na kulemea shina. Kwa hiyo kila ploti iandikwe pia: kina cha maji wakati wa kujaa (alama ya tope kwenye mti ulio karibu inatosha), aina ya udongo, na dalili ya kifo. Mbegu iliyokatwa ni kaa. Majani yaliyoliwa kwenye mchu ni mbuzi au ng'ombe. Safu nzima iliyofukiwa ni mchanga. Miche iliyokauka nyuma ya tuta la shamba la chumvi ni maji yaliyozuiwa njia, na hapo hakuna mche utakaopona mpaka tuta likatwe. Bila sababu ya kifo, asilimia ya uhai haimsaidii mtu kuamua lolote.

DaftariLaKaya

Nichukue upande wa kaya. Kwa fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli, kaya 1,240 na kosa la asilimia 5, unapata 302. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa watakaokosekana: 333. Wadodosaji 6 wakifanya kaya 7 kwa siku, ni siku 8. Ila fomula hiyo inadhani umechagua kaya moja moja kutoka orodha nzima. Mshauri akitaka kwenda vijiji 3 tu ili kuokoa mafuta, kaya za kijiji kimoja hufanana, na sampuli lazima ipande hadi 450 au zaidi. Ni nafuu kwenda vyote 9 na kugawa kwa uwiano. Kwanza safisha orodha na mtendaji wa kijiji: waliohama, waliofariki, na kaya iliyoandikwa mara mbili, kwa jina la mume na kwa jina la mke.

Majiko: usiulize "unatumia?". Wote watasema ndiyo. Omba kuingia jikoni. Angalia majivu ya moto wa leo, masizi, na kama mafiga bado yako pale pembeni. Kaya nyingi hutumia vyote viwili: jiko banifu kwa chai, mafiga kwa ugali na maharage. Kwa kaya 30 hivi pima kuni kwa mizani ya kuning'iniza siku 3 mfululizo: weka fungu lililopimwa asubuhi, pima lililobaki kesho yake, andika idadi ya waliokula. Usipime wakati wa Ramadhani, mapishi hubadilika kabisa.

Mizinga: hesabu yenye nyuki, siyo iliyotundikwa.

Takwimu za awali zilizochelewa bado zina kazi, ila ziitwe kwa jina lao: hali ya mwezi wa 12. Yale ya kabla ya hapo uliza vitu vinavyokumbukika tu, kama idadi ya mizinga, aina ya jiko, au mahali walipokata kuni. Usimuulize mtu kipato cha miaka miwili na nusu iliyopita. Atakupa namba, na namba hiyo haina mizizi.

KijitoKirefu

Asanteni sana. Mwenzangu ofisini anasema picha za setilaiti zitatosha kwa hekta, tuokoe gharama za ploti. Kweli?

Mlilana

Kwa mipaka na kwa mikoko mikubwa, ndiyo. Picha za setilaiti za Sentinel-2 zipo tangu 2015, bure, na zitakuonyesha msitu ulivyokuwa kabla ya mradi; hapo pia umepata sehemu ya takwimu za awali ulizokosa. Lakini kila nukta ya picha ni mita 10 kwa 10, na mche wa miaka miwili una majani machache juu ya tope. Setilaiti itaona tope. Miche huhesabiwa kwa miguu.

Mipaka nayo izungukwe na GPS, na uangalie kosa. Kwenye shamba la hekta 1, mstari ukiingia ndani mita 4 kila upande umepoteza karibu asilimia 15 ya eneo.

Hadidu

Nyongeza kuhusu hadidu za rejea. Vigezo vya tathmini vya OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo) ni sita tangu 2019 (kabla ya hapo vilikuwa vitano), na watu huvinakili vyote na kuweka maswali 40. Weka maswali 8 hadi 12. Mwezi wa 30 huwezi kupima matokeo ya muda mrefu ya msitu wa mikoko. Uliza kama mwelekeo upo, na uweke uzito kwenye ufanikishaji wa malengo, matumizi ya fedha na uendelevu. Kwenye fedha, dai gharama kwa mche *ulio hai*. Mche uliogharimu Sh 900 kupandwa, uhai ukiwa asilimia 45, umegharimu Sh 2,000.

Andika wazi kwamba wafanyakazi wa mradi hawakai kwenye mahojiano, wala dereva wa mradi hatafsiri. Vikundi vya majadiliano viwe vya watu 6 hadi 10, wanawake peke yao, wajumbe wa kamati peke yao. Barua ya utambulisho ya halmashauri ombeni sasa hivi, na ridhaa ya kila anayehojiwa iandikwe, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu hata ninyi. Mapendekezo yasizidi 10, kila moja na mhusika, tarehe na gharama. Mradi nao ujibu kwa maandishi: tunakubali, tunakubali kwa sehemu, au tunakataa na sababu.

KijitoKirefu

Swali la mwisho. Uhai wa miche ukionekana ni asilimia 40 na lengo kwenye bangokitita (jedwali la malengo na viashiria vya mradi) ni 80, tunaruhusiwa kushusha lengo?

Hadidu

Mnaruhusiwa kupendekeza, siyo kushusha kimya kimya. Ripoti ionyeshe lengo la awali, hali halisi, na lengo jipya vikiwa vimesimama pamoja, na mfadhili akubali kwa maandishi. Lakini msianze na lengo, anzeni na zile ploti. Kama vifo vingi viko upande wa bahari, lakini vijitoni uhai ni mzuri, ombeni fedha za kupanda zilizobaki zihamie kukata matuta na kufungua njia za maji, na vikundi vilipwe kwa miche iliyo hai baada ya miezi 12 badala ya idadi iliyochomekwa. Lengo jipya litatokana na hekta mtakazobaki nazo baada ya kuyaacha yale maeneo ya mbele.