Tupeane uzoefu: vitu vya kumbukumbu kutoka harusi za marafiki, mmevipambaje ukutani?

Nusu Fundi (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Nimefika umri ule ambao kila rafiki anaoa au anaolewa, na droo yangu sasa haifungi. Kuna kadi za mwaliko, ratiba za sherehe, vikadi vya majina vya mezani, riboni, ua la kifuani nililovaa nilipokuwa mpambe, picha za papo kwa papo (zile zinazotoka kwenye kamera hapo hapo) zilizopigwa na wageni. Kuvitupa siwezi, na kuviacha gizani naona ni kuvitupa polepole.

Nina ukuta mmoja mtupu, unaotazamana na kochi. Nataka kuupamba kwa mikono yangu, sitaki mapambo ya kununua. Nahofia mambo mawili: ukuta ugeuke ubao wa matangazo, na vitu vyenyewe viharibike kwa sababu tu nimevitundika. Mliowahi kufanya, mwageni uzoefu. Mlitundika nini, mlitumia gundi gani, na baada ya miaka hali ikoje? Hata anayeona ni upuuzi aseme, ila atoe sababu.

Sindano

Mimi ni wa vitambaa. Nimekuwa msimamizi mara kadhaa, na kila nguo ikishonwa mabaki huwa yanabaki. Nachukua ile fremu ya duara ya kudarizia, natandaza kipande, nakaza skrubu, nakata kinachozidi nikiacha upana wa vidole viwili kuzunguka. Nyuma napitisha mshono mrefu ukingoni, navuta uzi, kitambaa kinajikusanya chenyewe. Gundi haihusiki kabisa, kwa hiyo siku nikitaka kukitoa kinatoka kizima.

Katikati nadarizi herufi za kwanza za majina yao na mwaka. Basi. Ukianza kuongeza mioyo na njiwa unaharibu.

Shida ya vitambaa ni rangi: kila maharusi wana chaguo lao, na ukiviweka pamoja vinagombana. Nilichofanya ni kutumia duara za mbao za rangi moja tupu, kubwa na ndogo, juu ya ukuta mweupe. Jicho linaona mbao kwanza, rangi baadaye. Na kabla ya kukaza, kifue kitambaa na kukipiga pasi, kwa sababu jasho na mafuta ya mikono hayaonekani leo, yataonekana baadaye kama madoa ya njano. Kama ni hariri, jaribu pembeni kwanza.

Karani wa Zamani

Nimefanya kazi miaka mingi na makaratasi ya kumbukumbu, ngoja nijibu hofu ya pili ya mleta mada.

Watu wanaogopa vumbi, kumbe adui mkubwa ni mwanga. Madhara yake yanajilimbikiza na hayarudi nyuma: ukikiondoa kitu juani kinaacha kuharibika zaidi, lakini rangi iliyokwisha kupauka hairudi. Makumbusho mengi huweka karatasi na vitambaa kwenye mwanga wa takriban lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu). Ofisi ya kawaida ina lux 300 hadi 500. Jua la moja kwa moja linaweza kufika lux 100,000. Sasa jiulize ukuta wako unatazamana na nini zaidi ya hilo kochi. Kama ni dirisha, chagua ukuta mwingine.

Halafu karatasi zenyewe hazifanani. Karatasi ya bei rahisi iliyotokana na mbao ina lignini, kile kitu cha asili kinachoshikilia nyuzi za mti, na hiyo ndiyo inayogeuka njano na kuvunjika, kama gazeti linavyofanya. Ratiba za sherehe mara nyingi ni za aina hii. Kadi nzito za mwaliko huwa na nafuu. Picha za papo kwa papo ni dhaifu kuliko zote, mwanga unazipausha haraka.

Ushauri wangu: vitu dhaifu viskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) au zaidi, chapisha nakala, tundika nakala. Halisi iweke ndani ya boksi, bapa, mbali na unyevu. Kile utakachotundika chenyewe usikibandike kwa selotepu. Gundi yake inageuka njano, inaingia ndani ya karatasi, na hapo kuitoa ni kazi ngumu hata kwa fundi. Tumia zile pembe za karatasi zinazoshika picha kwenye kona nne. Na picha isigusane na kioo. Weka kati yao kadibodi iliyokatwa katikati kama dirisha, la sivyo unyevu ukiingia picha inagandia kioo na haibanduki bila kuharibika.

Mpita Njia

Nakala ukutani, halisi kwenye boksi. Yaani tunapamba nyumba kwa fotokopi? Mimi natundika chenyewe, kipauke mbele ya macho yangu.

Karani wa Zamani

Mkuu, ni haki yako. Nilikuwa namjibu aliyesema anahofia kuharibu.

Mama Pacha

Mpita Njia kanichekesha ila nipo upande wake, maana mimi ni wa maua na ua halina fotokopi.

Nimekausha maua ya harusi za marafiki kwa njia tatu na kila moja ina mahali pake. Ua bapa, au petali moja moja, libane kati ya karatasi zinazofyonza maji, juu yake weka vitabu vizito. Wiki mbili hadi nne. Karatasi ubadilishe siku za mwanzo, hapo ndipo unyevu unatoka kwa wingi, na ukiziacha unapata kuvu. Waridi zima usilibane, ni nene mno, litaoza katikati kabla halijakauka. Hilo lifunge uzi kwenye kikonyo, litundike kichwa chini mahali pa giza penye hewa, wiki mbili tatu. Likiwa tayari kikonyo kinavunjika kikikunjwa.

Ukitaka libaki na umbo lake, tumia chembechembe za silika, zile zinazowekwa kwenye vipakiti ndani ya boksi la viatu, ila hapa unahitaji kopo zima. Unalifukia ua taratibu kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, unamwagia chembe hadi katikati ya petali kwa kijiko. Ndani ya wiki moja linakuwa tayari.

Kuhusu rangi, jiandae. Jeupe litageuka rangi ya maziwa, pengine kahawia kidogo. Jekundu litakoza hadi karibu jeusi. Zambarau na njano hujitahidi. Na uanze likiwa bado bichi. Anayeniletea ua lililokaa wiki nzima kwenye glasi namwambia tuchukue petali zilizobaki nzima tu.

Kisha fremu yenye kina, zile zinazofanana na kiboksi. Ua naliwekea tone moja la gundi nyeupe nyuma ya kikonyo, basi. Nyuma ya fremu naziba kwa utepe wa karatasi pande zote, wadudu wasiingie.

Mleta mada, hilo ua lako la kifuani umelikausha au liko tu kwenye droo?

Nusu Fundi

Dada, liko kwenye droo. Limejikaukia lenyewe, limebonyea upande mmoja.

Mama Pacha

Liache lilivyo, usijaribu kulinyoosha, litamwagika. Upande uliobonyea uwe nyuma.

Jirani wa Juu

Nyie mnaongelea mwanga na kuvu, mimi niulize swali ambalo naona mnalizunguka. Wakiachana je?

Nilikuwa na kadi ya mwaliko ya rafiki yangu wa tangu shule, kwenye fremu, kwenye korido ambapo kila mgeni lazima apite. Kadi nzuri, maandishi ya mkono, majina mawili makubwa katikati. Miaka ikapita, ndoa ikafa. Sikuigusa, kwa sababu kwanza nilisahau kwamba ipo. Ukuta ukishauzoea huuoni. Rafiki yangu akaja siku moja, akasimama pale koridoni akavua viatu taratibu kuliko kawaida. Hakusema kitu. Alipokuwa anaondoka akaniambia, "Ile usiitoe kwa ajili yangu." Nikajua hapo hapo kwamba lazima itoke.

Lakini utatoa uweke nini? Ukiacha msumari mtupu kwenye safu ya fremu ni vibaya zaidi, kila mtu ataona pengo. Nikaenda kwenye boksi nikatafuta. Nikakuta kile kikadi cha jina langu cha mezani, ambacho yeye mwenyewe usiku wa harusi alilikata jina langu kwa mstari akaniandikia lile la utani aliloniita darasani. Nikakitia kwenye fremu ile ile. Alipokuja tena alikicheka hadi akakaa chini.

Tangu hapo nimebadilisha ukuta wote. Zile picha kubwa za maharusi wamesimama wawili nimezirudisha kwenye albamu, hizo ni zao na wanazo kwao. Ninachotundika ni kitu ambacho mimi na huyo rafiki tulikuwa ndani yake: barua fupi ya kunishukuru, karatasi ya hotuba yangu yenye mistari niliyokata dakika za mwisho, riboni niliyofunga mwenyewe asubuhi ile. Hivyo havitegemei ndoa iende wapi. Na nikuambie kitu, mleta mada, ile hofu yako ya ubao wa matangazo inaondoka yenyewe, kwa sababu kadi za mwaliko ndizo zinazofanya ukuta uonekane hivyo. Zina tarehe, saa, ukumbi, ni tangazo kabisa.

Sindano

Kaka hapo umenigusa. Mimi ningemwuliza rafiki kabla ya kutoa, lakini naelewa kuna maswali ambayo ukiuliza tu umeshaumiza.

Mama Pacha

Na akifariki? Nina fremu ya maua ya harusi ya rafiki aliyetangulia. Mume wake alikuja akaiomba akaipige picha. Nilimpa fremu nzima aende nayo. Kwangu nimebaki na petali chache zilizobaki siku ile, ziko kwenye fremu ndogo, hakuna anayejua ni za nini isipokuwa mimi, na nimeona inanitosha.

Bila Picha

Mleta mada alisema wanaoona ni upuuzi waseme. Nasema. Siyo upuuzi, ni fitina. Una marafiki wengi, utatundika vya wachache, na kila mgeni akiingia atatafuta cha kwake kwa macho kabla hajasalimia. Nimeona mtu ananuna sherehe nzima ya kuzaliwa kwa sababu kadi yake haikuwepo na ya mwenzake ipo. Mimi vyangu viko kwenye boksi, na siku rafiki akija namtolea la kwake tunakaa tunaangalia wawili. Ukuta wangu una saa tu.

Kisu Butu

Bila Picha ana hoja, lakini dawa ipo: fanya kitu kimoja kikubwa badala ya fremu nyingi. Kila mtu anaingia humo, hakuna wa juu wala wa chini.

Changu ni mstari wa kamba. Nilichukua ubao mwembamba, nikafunga kamba za pamba tano zikining'inia sambamba, na kwenye kila kamba nimebana vikadi vya majina, vipande vya riboni na lebo ndogo ndogo kwa vibanio vidogo vya mbao. Hakuna kilichotobolewa wala kubandikwa. Mwaka ukileta harusi mpya, nasogeza. Kikipauka kimoja, nakitoa nakipumzisha. Vitu vikubwa kuliko A6, yaani milimita 105 kwa 148, haviingii. Hiyo ndiyo sheria yangu pekee na imeniokoa sana, kwa sababu kadi kubwa moja inameza ukuta.

Kwa wanaotaka fremu nyingi: msipige msumari kwa kukisia. Kata magazeti kwa ukubwa wa kila fremu, yapange kwanza sakafuni hadi uridhike, kisha yabandike ukutani kwa utepe wa mafundi rangi, ule unaobanduka bila kuacha alama, yakae siku kadhaa. Utayasogeza, nakuhakikishia. Katikati ya mpangilio iwe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, hapo ni usawa wa macho ya watu wengi waliosimama. Ila ukuta wa mleta mada unatazamwa na mtu aliyekaa kwenye kochi, kwa hiyo shusha kidogo. Fremu nzito ipe misumari miwili, itaacha kupinda kila mlango ukifungwa. Pimamaji, kile kifaa cha fundi cha kuonyesha usawa, ni rafiki yako, jicho linadanganya.

Nusu Fundi

Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Nimeamua hivi: ua la kifuani ndani ya fremu yenye kina, kamba za Kisu Butu kwa vikadi na riboni, na kadi za mwaliko zinabaki kwenye boksi kasoro moja. Hiyo moja nilimchorea rafiki mwenyewe kwa mkono, wino wa bluu kwenye karatasi nene, kwa hiyo mule mimi nimo. Tatizo imekunjwa mara mbili, na mkunjo umekaa kabisa. Nikiitia kwenye fremu itaonekana mstari katikati. Niipige pasi?

Karani wa Zamani

Pasi hapana! Joto linaweza kuharibu wino au kung'arisha karatasi pale ilipopita. Na usiipulizie maji, wino wa bluu mara nyingi hukimbia. Ilaze kati ya karatasi mbili nyeupe safi, juu weka ubao au kioo kinachoifunika yote, kisha vitabu. Iache hapo wiki kadhaa. Mkunjo hautaisha wote lakini utalala.

Jirani wa Juu

Au itundike na mkunjo wake. Ilifika kwake ikiwa imekunjwa, si ndiyo?

Nusu Fundi

Ndiyo, kwenye bahasha. Na bahasha pia ninayo, alinirudishia vyote viwili.

Kisu Butu

Basi fremu iwe na nafasi ya bahasha chini ya kadi. Pima kabla hujanunua kadibodi ya dirisha.