Laptopu inaunguza kiganja cha kushoto, feni imeshasafishwa

mlimani_uyole:
Wakuu, habari za Jumapili. Nina laptopu ya inchi 15.6, bodi ya plastiki, prosesa i5 ya kizazi cha 8, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 4, na diski kuu (hadi diski) ya TB 1, ile ya kuzunguka kwa mota, si SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka). Shida ni joto upande wa kushoto wa tachipadi, pale kiganja kinapoegemea ukiwa unachapa. Ikipita saa moja hivi ya kazi za kawaida (Word, na kivinjari chenye tabo saba nane) inabidi kuinua mkono. Upande wa kulia ni baridi kabisa.

Feni imesafishwa na pesti ya kupitisha joto la prosesa imebadilishwa, ila hakuna tofauti. Prosesa inasoma nyuzi 55 hadi 60. Na huku Uyole, Mbeya, asubuhi za Julai ni za koti, kwa hiyo siwezi kusingizia hali ya hewa. Nianzie wapi? Halafu kuna mtu ameniambia niweke kipande cha sponji ndani, chini ya sehemu ya kiganja, ili joto lisipande. Ni sawa?

fundi_kabwe:
Mkuu, feni na pesti vinahudumia prosesa, na prosesa haiko chini ya kiganja chako. Kwenye mashine nyingi za aina hiyo prosesa na feni viko nyuma, upande wa bawaba za skrini. Chini ya viganja kuna betri, hadi diski kwenye kona moja, na mara nyingine kadi ya waifai au SSD ya M.2 (ya umbo la kadi ndogo). Ndiyo maana umesafisha feni na hakuna kilichobadilika: ulitibu sehemu isiyoumwa.

Joto la upande mmoja tu, prosesa ikiwa nyuzi 55, linanielekeza kwenye diski. Lakini thibitisha kabla hujashika bisibisi. Weka CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kusoma hali ya diski, usome nyuzi za diski mashine ikiwa imepoa, kisha usome tena kiganja kikianza kuchoma. Diski nyingi za inchi 2.5 zinaruhusiwa kufanya kazi mpaka nyuzi 60, kwa hiyo programu inaweza kukuandikia kwamba diski ni nzima huku mkono wako unaungua. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Baada ya hapo tenganisha vyanzo, robo saa kila kimoja, na uache mashine ipoe katikati:
1. Zima waifai, chaja nje, nakili faili kubwa (GB 10 hivi) kutoka folda moja kwenda nyingine. Kona ikipata moto hapa, ni diski.
2. Acha diski itulie, washa waifai, tazama video ndefu ya mtandaoni. Kona ikipata moto hapa tu, ni kadi ya waifai.
3. Shusha betri mpaka asilimia 20, chomeka chaja, usifanye kazi yoyote. Kona ikipata moto hapa, ni betri au sakiti ya kuchajia.

Ukitaka kupima joto la juu kwa namba, vile vipimajoto vya paji la uso vilivyoenea 2020 vinafaa, ila lazima ukigeuze kwenye hali ya kupima vitu, maana kwenye hali ya mwili kinasoma nyuzi chache tu za karibu na joto la binadamu. Na kama bodi ni ya alumini inayong'aa, bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme upime juu ya tepu. Chuma kinachong'aa hudanganya vipimo vya aina hiyo, kinaonyesha ubaridi ambao haupo.

Mnyalu2:
Niongezee kwenye sponji: usiweke, tafadhali. Sponji haiondoi joto, inalizuia lisitoke. Kiganja kitapoa, lakini diski iliyokuwa nyuzi 50 itapanda mpaka ifike mahali pabaya, na humo ndimo kazi zako zilimo.

Unachotaka ni joto litafute njia ya chini badala ya kupanda juu. Pedi ya silikoni ya kupitisha joto, unene wa milimita 1, inawekwa kati ya diski na mfuniko wa chini. Pima nafasi kwanza: pedi iguse pande zote mbili bila kusukuma. Ikiwa nene kupita kiasi itabonyeza kava la diski, na diski ya kuzunguka haipendi kubonyezwa hata kidogo. Pia kwenye kava kuna tundu dogo la kupumulia, kawaida limeandikwa onyo lisizibwe. Liheshimu.

Kwa upande wa juu, kati ya diski na sehemu ya kiganja, karatasi ya grafaiti ndiyo inayofaa. Inasambaza joto kwa upana, kwa hiyo badala ya doa moja la nyuzi 44 unapata eneo kubwa lenye uvuguvugu. Lakini grafaiti inapitisha umeme. Funika kingo zake zote kwa tepu ile ya rangi ya dhahabu wanayotumia mafundi simu, isije ikagusa bodi ukaunguza kitu.

Namba ya kukumbuka ni 43. Ngozi ikigusana na kitu cha nyuzi hizo kwa saa nyingi mfululizo inaweza kuungua, hata kama huoni maumivu ya kukufanya uondoe mkono. Usizoee.

mlimani_uyole:
Asanteni sana. Diski: nyuzi 27 ikiwashwa, 53 kiganja kikichoma. Jaribio la kwanza lilitosha, la waifai na la chaja hayakubadilisha kitu. Ila swali: kwa nini diski ichemke wakati ninaandika Word tu? Sinakili chochote.

fundi_kabwe:
Hapo umegusa kiini. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ifunguke Task Manager, tazama safu ya kumbukumbu (RAM) na ya diski. Nakuhakikishia kumbukumbu iko juu ya asilimia 85. RAM ya GB 4 haitoshi Windows 10 pamoja na tabo nane, kwa hiyo Windows inahamishia sehemu ya kazi kwenye diski na kuirudisha, muda wote. Mota na kichwa cha kusomea havipumzi. Wewe unaandika barua, diski inabeba mizigo.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni RAM. Mashine nyingi za i5 kizazi cha 8 zinatumia RAM ya aina ya DDR4 ya laptopu. Fungua uangalie kama kuna nafasi ya pili, maana nyingine RAM imechomelewa kwenye bodi. Ongeza ufike GB 8. Dawa ya pili, ambayo ndiyo inamaliza kabisa, ni kuondoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD ya inchi 2.5 yenye soketi ya SATA. Haina mota, na ikiwa imetulia inakula umeme kidogo sana. Ukiwa na pesa ya kimoja tu, anza na SSD: RAM ikijaa bado itahamishia kazi huko, lakini SSD inamaliza haraka na kurudi kupumzika.

Kabla ya kufungua: zima kabisa, chomoa chaja, na kitu cha kwanza ukiondoa mfuniko ni kuchomoa waya wa betri. Chora umbo la mashine kwenye karatasi na uchomeke kila skrubu mahali pake kwenye mchoro. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inatoboa juu, palepale kwenye kiganja.

Makete_baridi:
Kwa wengine watakaosoma hapa na joto lao liko katikati, chini ya tachipadi: hiyo ni betri, na angalia jambo moja kabla ya yote. Weka laptopu mezani. Ikicheza kama meza mbovu, au tachipadi imekuwa ngumu kubonyeza, au ukingo wa kiganja umeinuka, betri imevimba. Acha kuchaji siku hiyohiyo, usiitoboe, usiibonyeze irudi, ipelekwe kwa fundi. Hakuna pedi ya kutibu hilo.

Na huku kwetu kwenye baridi tuna tabia mbili zinazoharibu mashine: kufanyia kazi juu ya blanketi, na kukaa na laptopu karibu na jiko la mkaa. Blanketi linaziba matundu ya chini, majivu yanaingia kwenye feni. Ubao mgumu chini yake, nyuma ikiinuliwa sentimita 2 au 3, unashusha nyuzi kadhaa bila senti. Asubuhi zenye barafu, iache laptopu ipate joto la chumba kwanza ndipo uchaji; betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi 0 inaharibika kwa ndani.

mlimani_uyole:
Kumbukumbu asilimia 91, kweli kabisa. Nanunua SSD. Kuna kitu cha kuangalia dukani?

fundi_kabwe:
Unene. SSD za SATA kwa kawaida ni milimita 7. Kama diski yako ya zamani ni milimita 9.5, omba ile fremu ya plastiki ya kujazia milimita 2.5, wakati mwingine imo ndani ya boksi. Bila hiyo SSD italegea kwenye kibebeo na soketi itakuwa inaachia kila ukibeba begi. Kuhamisha Windows tumia Clonezilla, programu ya bure ya kunakili diski nzima, ila SSD isiwe ndogo kuliko diski ya zamani, la sivyo itabidi kwanza upunguze patisheni (mgao wa diski). Nakala ya kazi zako iwe pembeni kwenye diski nyingine kabla ya kugusa chochote. Diski ya zamani nunulia kasha la USB, itunze picha na nyaraka.