Mtoto wa farasi wa siku tisa, nimkatie bima sasa ama ningoje?

SaisiWaNjoro
Habarini wadau, naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nimekuwa saisi (mtunza farasi) miaka 14 shamba moja huku Njoro, mdosi alipouza shamba akaniachia jike mmoja aliyestaafu mbio za Ngong, tena akiwa na mimba, akasema hiyo ndio asante yangu. Jumanne ya wiki iliyopita saa nane usiku akazaa, dume, kahawia, na kidoa cheupe kwa paji kama mtu amemgusa na kidole cha chokaa. Nilikuwepo na tochi ya simu. Dakika 40 alikuwa amesimama, akaanguka mara tatu hivi akainuka tena, masaa mawili hayajaisha ashapata ziwa. Kondo nikaitandaza kwa nyasi nikaona imetoka yote, kitovu nikakichovya ayodini.

Sasa kuna jamaa wa polo Gilgil amemwona akasema akiachishwa ziwa atamchukua kwa laki tatu na nusu. Ajenti wa bima hapa Nakuru ananiambia nimkatie sa hii kwa hio 350,000, premiamu asilimia 7, yaani 24,500, na vijikato vyake inafika 24,650. Hio ni pesa ya chakula ya jike miezi. Lakini pia nikimpoteza huyu sina kitu. Mngefanya nini?

KisumuDala
Boss huku kwetu farasi nawaona tu wakibeba watoto wa watu sikukuu, sikujua ni laki tatu 😂 nafuatilia uzi

ZamaniAjenti_Nax
Vijikato usiogope, ni halali: 0.2% ya treningi levi, 0.25% ya mfuko wa kufidia wenye bima, na stampu 40 bob. Hesabu yake iko sawa. Shida ni ile 350,000. Hio ni bei ya mtoto wa miezi sita aliyeachishwa, wewe unaye wa siku tisa, na jamaa wa Gilgil hajaandika chochote, amesema tu. Sasa muulize ajenti swali moja na umwambie akujibu kwa maandishi: akifa wiki ijayo, kampuni inalipa thamani tuliyokubaliana ama bei ya soko siku aliyokufa? Kama ni bei ya soko, asesa atakuja aseme mtoto wa wiki tatu ni elfu themanini, na wewe umelipia premiamu ya laki tatu na nusu. Nimeona hio sinema kwa ng'ombe mara nyingi, mkulima analia ajenti ashakula komisheni yake (mimi pia nilikula, sitadanganya).

Na usome inafidia nini. Ya kifo ni kifo. Akivunjika mguu akapona akiwa kiwete, ama akapinda miguu, hupati hata ndururu, isipokuwa ulikata kava ya kupoteza matumizi, na kumpatia mtoto mdogo hio ni ngumu.

MamaFreshian_Molo
Ndugu yangu saisi pole na hongera. Mimi sijui farasi ila bima nimeonja. Mtamba wangu alikufa Ijumaa jioni, nikapigia ofisi simu haishikwi, Jumamosi harufu, mbwa wa jirani washaingia, mzee akasema tuzike. Tulikata lile sikio lenye hereni nikaliweka kwa chumvi ndani ya mkebe wa Kasuku nikidhani ndio ushahidi. Jumatatu wakaniuliza ripoti ya daktari aliyempasua iko wapi. Hakuna. Sikio lilikaa kwa ile kasuku mpaka likakauka kama ngozi ya ngoma na sikulipwa. Kwa hivyo uliza namba ya kupiga usiku na wikendi kabla hujalipa, si baadaye.

DaktariWaKwato
Mama amesema ukweli, na kwa farasi kuna zaidi. Ukiona anateseka usikubali mtu amdunge sindano ya kumuua kabla kampuni haijakubali, isipokuwa daktari aandike kwamba hakukuwa na njia ingine na kungoja ni ukatili. Hata kumhasi baadaye, wajulishe kwanza, upasuaji ukiharibika na hawakujua wanajitoa.

Sasa kuhusu mtoto mwenyewe. Farasi huzaliwa karibu hana kinga damuni, inatoka kwa dang'a (maziwa ya kwanza ya mama), na utumbo unaipokea kama masaa 24 ya kwanza tu. Ulimwona akinyonya, vizuri, lakini kunyonya si kupata ya kutosha, kuna majike yanayovuja maziwa siku kadhaa kabla ya kuzaa na dang'a inaishia kwa majani. Alikuwa anavuja? Kipimo cha kingamwili hufanywa akiwa na masaa 18 hadi 24, kuanzia miligramu 800 kwa desilita ya damu tunapumua, chini ya 400 ni hatari. Hujachelewa kupima, na kampuni nyingi zitataka cheti cha daktari kabla ya kumwandika, nyingine hazimgusi kabla ya siku 30. Guseni viungo pia, goti ama kifundo kikiwa moto na kimevimba, kitovu kimeingiza uchafu, na hapo ukikata bima leo watasema ugonjwa ulikuwepo.

Ingine ni ule ugonjwa wa farasi unaoletwa na visubi, vile vidudu vidogo vya kuuma (African horse sickness). Kinga ya mama inamshikilia miezi ya kwanza, chanjo yake tunaanza karibu miezi sita. Mpaka hapo mwingize ndani kabla jua halijazama, hasa mvua ikiisha, na usome kama mkataba unautaja kwa vile visivyolipwa.

PesaKwaSako
Mimi ningeweka hio 24k sako na nijenge banda lisilopitisha visubi. Bima za mifugo siziamini

ZamaniAjenti_Nax
@PesaKwaSako 24k haikununulii farasi mwingine akifa mwezi ujao. Mimi ningemkatia bima kwa thamani ndogo sasa, tuseme 120,000, kisha uipandishe akiachishwa. Na chipu ya namba ya utambulisho awekewe shingoni mapema, bila namba hio watauliza farasi aliyekufa ni yupi.

SaisiWaNjoro
Asanteni sana. Daktari, ni kweli alivuja siku mbili, nilidhani ni dalili nzuri. Nimemtafuta daktari, anakuja kesho asubuhi kuchukua damu na kushika viungo. Ajenti nimemtumia swali la thamani kwa WhatsApp, tiki mbili za bluu, kimya tangu saa nne. Na jamaa wa Gilgil nimemwambia kama anamtaka aandike na aweke deposito, amesema atafikiria. Fomu sijasaini, niliiweka mfukoni nikienda kumpa jike maji akaing'oa akatafuna kona yote ya juu, pale pa jina la kampuni.

MamaFreshian_Molo
😂😂 huyo jike amesoma vizuri kuliko mimi. Tuambie matokeo ya damu.