Kazi imeisha, moyo unasema nirudi Tororo. Nitajuaje kama ni Mungu?

Msafiri_T (mwenye uzi), Jumatatu, saa 3:10 usiku
Bwana asifiwe wapendwa. Nina miaka 43, mke mmoja, watoto watatu, tunapanga Kireka. Miaka 14 nimekuwa mtunza ghala kwenye kampuni moja hapa Kampala. Imeisha. Sikuiba, sikugombana na mtu, walifunga kitengo chote.
Tangu siku ile moyo unaniambia rudi nyumbani Tororo, shamba la marehemu baba lipo, fuga kuku wa mayai. Nilifunga siku tatu nikapewa Mwanzo 12, Ibrahimu anaambiwa atoke katika nchi yake. Mtaji upo kidogo, nilipata ile asilimia 20 ya akiba yangu ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Swali langu ni moja tu: mtu anajuaje kwamba hii ni sauti ya Mungu na si hofu yake mwenyewe? Naomba na mistari ya kunitia nguvu.

Mama_Wawili_Jinja
Pole sana kaka. Yeremia 29:11, simama hapo hapo. Mimi mwaka 2020 saluni ilifungwa na korona, nikakaa ndani na watoto wawili na nusu gunia la unga wa posho. Nilikuwa naamka saa tisa usiku naomba huku nalia, jirani akadhani napigwa. Leo nina viti vinne. Mungu hachelewi.

Kijito
Amina dada, lakini Yeremia 29 isomwe kuanzia juu. Watu walioandikiwa barua ile walikuwa mateka Babeli, na mstari wa 10 unawaambia watakaa miaka 70. Kabla ya hapo waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao hukohuko. Wengi wetu tunaruka miaka 70 tunadaka ahadi.
Ndugu Msafiri, nakupa 1 Wafalme 17. Mungu mwenyewe ndiye aliyempeleka Eliya kijito cha Kerithi, kunguru wakamletea chakula, halafu kijito kikakauka. Eliya hakuwa amekosea njia. Kwa hiyo kukauka kwa kazi hakuthibitishi kwamba Mungu amekuacha. Ila angalia: Eliya aliondoka pale baada ya kupata neno lingine. Ukame peke yake hakuufanya kuwa neno.

Boda_wa_Banda
Swali dogo. Ibrahimu aliambiwa atoke nyumba ya baba yake. Wewe ssebo unarudi nyumba ya baba yako. Hiyo siyo Mwanzo 12, hiyo ni mwana mpotevu 😂

Kuku_wa_Iganga
Tuongee kuku kidogo. Ngapi? Kuku wa mayai anaanza kutaga wiki ya 18 hadi ya 20. Miezi minne na zaidi unalisha tu, hujaona hata yai moja. Mimi nilianza na 300, mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ukapita siku ya Jumapili tukiwa ibadani, nikabaki na 41. Chanjo ilikuwa kwenye friji ya jirani, umeme ulikuwa umekatika siku mbili, na mimi nikawachanja kwa chanjo hiyohiyo iliyokwisha kuharibika, ilikuwa maji tu. Tangu hapo naomba na pia nanusa friji.

Msafiri_T
Asanteni. @Kuku_wa_Iganga ni 500, vifaranga wanakuja Ijumaa.

Mama_Wawili_Jinja
Ijumaa HII? Bambi, kumbe umeshaamua. Na mama watoto anasemaje?

Msafiri_T
Mke wangu ni mtu wa maombi.

Mama_Wawili_Jinja
Sikuuliza hilo.

Nubi_wa_Bombo
Mimi Mwislamu, nimepita tu, lakini hata kwetu mtu akitaka kuhama humwambia mkewe. Yule anayeulizwa "mke anasemaje" akajibu "ni mtu wa maombi", huyo mke hajui kitu.

Msafiri_T, Jumanne, saa 7:20 mchana
Sawa. Nimekosa usingizi, nitasema.
Hajui. Kazi iliisha wiki tisa zilizopita. Kila asubuhi navaa shati, nabeba begi, napanda teksi mpaka mjini, kisha napanda kilima cha Namirembe. Nakaa chini ya mti nje ya kanisa kuu nasoma Biblia. Watu wanadhani nangoja mtu. Saa saba nakula chakula alichonifungia. Jana alikuwa ameweka yai la kuchemsha juu ya viazi, amelimenya kabisa, na chumvi kwenye kikaratasi. Jioni kabla ya kupanda teksi nafuta vumbi kwenye viatu, maana ghalani hakuna udongo mwekundu.
Lakini naomba mnielewe. Mke wangu ni mwalimu wa msingi, mshahara wake ni wa kodi na chakula. Binti wetu yuko S4, yaani kidato cha nne, anafanya mtihani wa taifa wa UCE mwaka huu. Nikisema sasa nitavuruga nyumba nzima. Nataka nimwambie nikiwa na kitu mkononi. Imani ni kutembea kabla hujaona. Makuhani walikanyaga Yordani ikiwa imefurika, ndipo maji yakasimama. Yoshua 3.

Kijito
Makuhani walikanyaga mbele ya taifa zima, ndugu yangu. Siku tatu kabla, maakida walipita kambini wakitangaza.

Boda_wa_Banda
Na Ibrahimu alisafiri na Sara.

Mchambuzi_256
Ibrahimu huyohuyo alimwambia Sara aseme ni dada yake walipofika Misri. Sura ileile ya 12, mistari michache chini. Kwa hiyo mtoa mada yuko ndani ya Biblia kabisa 😅

Mlokole_Mbale
Huu si wakati wa mzaha! Uongo ni uongo. Tubu kwanza, mambo ya kuku baadaye. Wanaume wa siku hizi mnaficha mishahara, mnaficha simu, sasa mnaficha hata ukosefu wa kazi.

Mama_Wawili_Jinja
Mimi wala simlaumu sana. Baba yangu alipopunguzwa kazi ya serikali miaka ya tisini alikaa mwezi mzima akipiga pasi suruali. Mama alijua siku ya kwanza. Alimwacha tu. Kaka, mke aliyekumenyea yai anajua kitu.

Karani_Mstaafu
Nimesoma uzi wote na naona tunachezewa. Mwenye uzi ana miaka 43. Sheria ya NSSF ya 2022 inataka uwe umefika miaka 45 na umechangia miaka 10 ndipo uchukue ile asilimia 20. Mwenye ulemavu ni miaka 40, na yeye anaruhusiwa mpaka nusu. Huyu hakutaja ulemavu, ametaja 20. Hesabu haikai. Hadithi ya kutunga hii, labda anatafuta mahubiri ya Jumapili.

Boda_wa_Banda
Weee! Na mimi nimelipia bando kusoma hili.

Mlokole_Mbale
Nilijua. Yai lile lilikuwa limeandikwa vizuri mno.

Mchambuzi_256
Mwezi juzi kulikuwa na "mjane wa Masindi" humu mwenye mtindo huohuo. Admin afunge.

Kuku_wa_Iganga
Admin asifunge kabla hajasema vifaranga kaagiza wapi.

Msafiri_T, saa 4:45 usiku
Si hadithi. Pesa si ya NSSF. Niliandika hivyo kwa sababu niliona aibu.
Ni mkopo wa sacco, milioni 9. Dhamana ni kiwanja kidogo cha Mukono, mkataba wake uko kabatini. Nimelipa vifaranga, chakula cha mwezi, na fundi wa banda. Nitaurudisha kabla ya Krismasi kuku wakishika kutaga.

Karani_Mstaafu
Kiwanja kinatumikaje na jina la nani liko kwenye mkataba?

Msafiri_T
La mke wangu. Alinunua kidogo kidogo. Analima mahindi na maharage pale, tunakula.

Karani_Mstaafu
Nimekaa masjala ya mahakama miaka 26, kwa hiyo nauliza taratibu. Kiwanja kwa jina la mke, na familia inakula kutoka pale. Hata kingekuwa na jina lako, Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka idhini ya mwenzi kwa ardhi ya namna hiyo. Sacco haiwezi kutoa milioni 9 bila sahihi yake. Nani alisaini?

Msafiri_T, saa 5:32 usiku
Mimi.

Nubi_wa_Bombo
Laa haula.

Kijito
Ndugu, uliuliza utajuaje kama ni sauti ya Mungu. Sidhani kama lilikuwa ndilo swali. Kesho kabla ya teksi, usiende stendi ya Kireka. Rudi ndani uketi.

Karani_Mstaafu
Naomba radhi kwa kukuita mtungaji. Kesho hiyohiyo nenda sacco na mke, kama atakubali kwenda. Mwende wenyewe kabla hawajaja wao. Kughushi sahihi ni kosa la jinai, usilieleze zaidi humu, watu wanapiga picha kurasa.

Mlokole_Mbale
Nakuombea. Nilikuwa mkali.

Msafiri_T, Jumatano, saa 12:05 asubuhi
Yuko jikoni anafunga chakula. Nimevaa shati. Begi bado liko chini.

Mama_Wawili_Jinja
Liache hapohapo chini, kaka.

Boda_wa_Banda, saa 3:40 asubuhi
Jamani amesema?

Mama_Wawili_Jinja, saa 7:15 mchana
Kimya. Namwombea tangu asubuhi, nimekata nywele za mteja vibaya.

Kuku_wa_Iganga, saa 9:50 alasiri
Wakuu, bila ubaya. Kama wale vifaranga wa Ijumaa watakosa mahali, mimi nachukua 200, banda lipo, na friji nimenunua yangu. Mwambieni aniandikie pembeni.