Redio ya muziki wa klasiki: mtangazaji aongee kiasi gani?

Fundi_Kiusa (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Hili swali ni kwa wale wachache humu wanaosikiliza muziki wa klasiki. Najua mpo, hata kama mnajificha.

Mimi ni fundi cherehani, na spika yangu haizimwi kuanzia nafungua hadi nafunga. Nimekuwa nazunguka kwenye vituo vitatu, na kila kimoja kina kipimo chake cha maneno na muziki.

BBC Radio 3 haina matangazo ya biashara. Kazi ya mtunzi ikianza mara nyingi inapigwa hadi mwisho, hata kama ni simfoni (kazi ndefu ya okestra, yenye sehemu kadhaa) ya zaidi ya saa moja. Ila watangazaji wake ni wasomi na wanapenda kueleza. Ukiifungua wakati mbaya unakuta watu wawili wanalinganisha rekodi za kazi ileile moja, nani kapiga haraka, nani kapiga taratibu.

Classic FM nayo ni ya Uingereza, ilianza Septemba 1992, na ni ya biashara. Unapata kipande, mtangazaji mchangamfu, tangazo, kipande kingine. Simfoni mara nyingi unapewa sehemu moja tu.

Radio Swiss Classic ya Uswisi ni muziki juu ya muziki. Inatajwa kazi, wanatajwa wapigaji, basi.

Nikiwa nakanyaga cherehani maneno yote yanamezwa, muziki unapenya. Kwa hiyo naegemea Uswisi. Tatizo ni kwamba jioni nikifunga sikumbuki nimesikia nini. Nyie mnasikiliza ipi, na kwa nini? Namna ya kuvipata kwenye simu ina uzi wake, tusichanganye.

Alto_wa_Njiro (Arusha)

Uswisi, bila kupepesa macho. Mimi ni mhasibu, mtu akianza kuongea sikioni namba zinaruka. Tena nachagua ile ya Kijerumani makusudi (wana Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano). Kijerumani sijui hata salamu, kwa hiyo ile sauti inapita zake, nadaka jina la mtunzi, labda Mozart, narudi kwenye vocha.

Halafu kuna bando. Matangazo ya kilobiti 128 kwa sekunde yanakula karibu MB 58 kwa saa, siku ya kazi ya saa nane ni kama MB 460. Mtangazaji akipiga soga dakika tano, karibu MB 5 zangu zimeishia kwenye soga. Bando halijui kutofautisha.

Mwalimu_wa_Kwaya (Machame)

Fundi, umejijibu mwenyewe hapo uliposema jioni hukumbuki kitu.

Niwape mfano. Bach, mtunzi Mjerumani, alihamia mji wa Leipzig mwaka 1723, akawa anaandika kantata (kazi za waimbaji na ala) za ibada za Jumapili na sikukuu. Moja, inayojulikana kama namba 80, imejengwa juu ya ule wimbo wa Martin Luther tunaouimba sisi Walutheri Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, Oktoba 31. Niliwawekea wanakwaya wangu pale kanisani, sikusema neno. Mwanzo wake ni msitu. Sauti zinafukuzana, hujui ushike ipi, na safu ya besi ikaanza kusinzia.

Nikairudia, safari hii nikawaambia jambo moja: msiifuate kwaya, sikilizeni ala za juu kabisa na zile za chini kabisa, wimbo wenu unapita huko. Ghafla mzee mmoja wa besi akaanza kuuimba kwa Kiswahili juu ya rekodi! Tulipofika sehemu ya tano, ambapo kwaya nzima inaimba wimbo huo kwa sauti moja, hakuna aliyekuwa amekaa.

Hayo ndiyo maneno ninayoyataka redioni, na Radio 3 wanayo. Mtangazaji akinipa kitu cha kuwinda kabla muziki haujaanza, aongee hata dakika tatu. Akinisimulia alikula nini asubuhi, hata sekunde kumi ni nyingi.

Dereva_wa_Watalii (Arusha)

Shikamoo mwalimu. Mimi natetea Classic FM, maana nimeona inaonewa.

Jaribuni kusikiliza simfoni nzima ndani ya Land Cruiser kutoka Boma Ng'ombe hadi Tengeru. Zile sehemu za kunong'ona hazisikiki kabisa, injini imezifunika. Unaongeza sauti. Mara matarumbeta yote yanaingia kwa pamoja, mgeni wa siti ya nyuma anaruka, nusura amwage kahawa. Huu muziki umeandikwa kwa ajili ya ukumbi uliotulia. Barabarani kipande kifupi kisichopanda na kushuka sana ndicho kinachofaa, na mtangazaji mwenye maneno mawili matatu ya kirafiki hakusumbui. Wageni wengine wakisikia kipande wanachokifahamu wanaanza kuongea wenyewe, mimi napumzika.

Mwalimu_wa_Kwaya (Machame)

Marahaba mwanangu. Kwa gari nimekuelewa.

Mwanafunzi_Usa_River

Mnaongea kana kwamba maneno ya Radio 3 ni kupenda kwao tu. Mengine hayaepukiki. Sikilizeni matamasha yanayorushwa moja kwa moja, mfano yale ya Proms, msimu wa matamasha wa kila mwaka, pale ukumbi wa Royal Albert Hall, London (Proms zenyewe zilianza mwaka 1895). Kazi moja imeisha, piano inasukumwa jukwaani, viti vinahamishwa, wapigaji wengine wanatoka. Aliyeko ukumbini anaona shughuli inaendelea. Wewe uliyeko Usa River usiposikia mtu anaongea utadhani mtandao umekatika. Ndiyo maana kuna mtangazaji wa kukuambia nani anaingia, amebeba nini, na nini kinafuata. Na mapumziko ya katikati ni kama dakika 20, lazima yajazwe na kitu.

Redio na ukimya haviivani. Januari 2004 Radio 3 walirusha ile kazi ya mtunzi Mmarekani John Cage ya dakika nne na sekunde 33, ambayo wapigaji hawapigi noti hata moja. Ilibidi wazime kwanza mtambo wa dharura, ule ambao kituo kikinyamaza unajiwasha wenyewe na kuweka muziki mwingine. Yaani kunyamaza kulihitaji fundi mitambo.

Kwa upande wangu nikiwa na kazi ya darasani nafungua Radio 3. Nikiwa nafua, Uswisi.

Kijenge_Juu (Arusha)

Mimi shida yangu si wingi wa maneno, ni yanapoingilia. Kuna kituo (sikitaji) mtangazaji wake ana haraka kama kondakta wa daladala. Noti ya mwisho ya piano bado inaning'inia, ameshaingia: "Naaam, huyo alikuwa…" Wewe! Kile kimkia cha sauti ndicho nilichokisubiri kipande kizima. Bora matangazo ya sabuni yanayosubiri zamu yake kuliko msomi asiyeweza kungoja sekunde nne.

Pili, mwalimu, maelezo yako uliyatoa kwa Kiswahili. Ndiyo maana besi waliamka. Maelezo yaleyale kwa Kiingereza cha haraka cha Radio 3, ni wangapi pale kanisani wangeyashika? Wengine humu tunasifia maneno mengi kwa sababu tu lugha haitusumbui.

Mwalimu_wa_Kwaya (Machame)

Hapo umenishika. Mke wangu husikiliza Radio 3 pamoja nami, na mtangazaji akianza tu ananyanyuka kwenda jikoni. Muziki ukirudi naye anarudi.

Ila hilo kwangu ni sababu ya kuomba kipindi cha Kiswahili. Redio za kanisa tunazo huku kwetu, Sauti ya Injili iko hapo Moshi. Saa moja ya Jumapili jioni ingetosha. Pale chuo kikuu cha Makumira wanafundisha muziki hadi shahada, wa kukiongoza hawakosekani.

Fundi_Kiusa (Moshi)

Asanteni wakuu. Niongeze jambo mlilolisahau: wateja. Tumezoea redio ikiweka muziki wa ala wa taratibu mfululizo, basi kuna kiongozi ametangulia mbele za haki. Juzi ameingia mama mmoja na kitenge chake, amesimama mlangoni, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Baba, ni nani tena?" Radio Swiss Classic hiyo. Laiti kungekuwa na mtangazaji wa kucheka kidogo, mama wa watu asingeshtuka.

Uamuzi wangu: mchana kwenye cherehani nabaki Uswisi. Kazi za mkono, vifungo na pindo, nazihamishia jioni cherehani ikiwa kimya, na hapo naweka Radio 3. Hiyo kantata ya mwalimu nitaitafuta nzima. Classic FM namwachia dereva.

Alto_wa_Njiro (Arusha)

Bado sijashawishika. Jina la kazi naliona kwenye simu, nikitaka historia nasoma mwenyewe kwa muda wangu. Mwalimu, kipindi chako kikianza nitasikiliza, lakini nyimbo zipigwe nzima, na salamu za wasikilizaji zisiwepo!