Mjadala: Mtangazaji anayechekesha kwenye muvi ya kutisha, anaiharibu au anaiokoa?

Wadau, tujadili bila matusi.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja huku Chang'ombe, Dodoma. Benchi la mbao, feni inayozungusha joto lilelile. Muvi ni Creepshow ya 1982, kaongoza George Romero, kaandika Stephen King: visa vitano ndani ya mkanda mmoja. Kwenye cha kwanza, mzee aliyeuawa na bintiye kwa kupigwa kisahani cha majivu ya sigara anafumuka kaburini, kaoza, na anachodai ni keki yake tu. DJ anayetafsiri akadakia: "Mzee rudi ukalale, ngano imepanda!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mpwa wangu, aliyekuwa kajifunika uso kwa shati, akafunua jicho moja.

Nikasema, hiki ndicho kinachokosekana kwenye televisheni zetu. Marekani walianza kitambo. Mwaka 1954 kule Los Angeles, Maila Nurmi, mtangazaji wa televisheni aliyejiita Vampira, alikuwa anatokea kwenye ukungu na gauni jeusi, kiuno cha nyigu, anapiga ukunga, halafu anaitania muvi anayoileta. Mwaka 1981, mji huohuo, akaja Cassandra Peterson, yaani Elvira. Muvi zenyewe nyingi zilikuwa za bei chee. Watu walikuwa wanamfuata mtangazaji mwenyewe.

Sasa kituo chetu kimtafute mchekeshaji, Ijumaa saa tano usiku, akae kando ya kaburi la maboksi. Muvi ya visa vifupi ndiyo inamfaa: kisa kikiisha anaingia, anatania, anaondoka, hajamkata mtu utamu. Mtu akishacheka, usiku analala. Nani anapinga?

Mdau wa Nkuhungu: Mimi. Mtu akiongea juu ya muvi sisikii muziki, na muziki ndio woga wenyewe. Halafu mpwa wako yuko darasa la ngapi?

Mwanzisha mada: La sita. Tusihame kwenye mada.

Mama wa Mpwapwa: Hiyo ndiyo mada, baba. Wamarekani wanamchekea mchawi kwa sababu kwao ni vazi la sikukuu. Huku Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928. Kule Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, na macho yenyewe yameiva kwa moshi wa jikoni. Mama yangu kapikia kuni maisha yake yote. Akitoka jikoni jioni, macho kama pilipili. Huyo mchekeshaji wako akijipaka wekundu machoni ili watoto wacheke, kesho watamtazamaje bibi yao?

Mwanzisha mada: Mama, hapo umenibana. Basi tuweke sharti: kutania maiti ruksa, mazimwi ruksa, vikongwe marufuku. Hata hivyo Creepshow haina mambo ya uchawi. Kisa cha mwisho ni tajiri anayechukia uchafu, anavamiwa na mende ndani ya nyumba yake.

Mdau wa Kizota: Mkuu, uliitazama mpaka mwisho? Baada ya mende kuna dogo anachoma kidoli kwa sindano, baba yake anashika shingo kwa maumivu. Hiyo unaiitaje?

Mwanzisha mada: Umeme ulikatika kwenye mende.

Mama wa Mpwapwa: Na mtoto ulishampeleka.